SOMO JUU YA KIWAVI WA MAHINDI
Namna anavyovunja sumu tumboni mwake, na namna ya kumshinda

Somo hili ni kwa wakulima wa vijiji vilivyo karibu na machimbo ya shaba: upande wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi na wa Lubumbashi, na popote katika inchi ya Katanga ya zamani, ambayo toka mwaka 2015 imegawanywa kuwa majimbo manne.

Wengi kati yenu mnalima mahindi ili kupata bukari nyumbani. Yanayobaki mnauza kwa watu wa machimbo na kwa mabibi wa soko. Mahindi yakiharibika shambani, hasara ni mbili. Ya kwanza, hamna cha kuuza. Ya pili, ninyi wenyewe mtanunua unga, na mara nyingi unga huo unatoka ng'ambo ya mpaka, katika inchi ya Zambia, kwa bei ya mwenye kuuza. Basi sikilizeni vema habari za kiwavi huyu, kwani anakula mahindi, na franki mnazotumia kununua dawa anazila vilevile.

Watu wengi wanasema: «Zamani dawa hii iliua. Sasa nimepuliza mara tatu, na viwavi wangali wanatembea. Dawa imeharibika.» Pengine dawa ni ya uwongo au imezeeka. Lakini mara nyingi dawa ni nzima, ila kiwavi ameizoea. Namna gani mdudu mdogo kama huyu anaweza kuzoea sumu? Hilo ndilo fundisho la leo.

1. Adui wetu ni nani?

Jina lake ni kiwavi jeshi. Watu wa elimu wanamwita Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Katika Afrika alionekana kwanza mwaka 2016, katika inchi za magharibi kama Nijeria. Miaka miwili haikupita, akawa ameenea karibu inchi zote zilizo kusini ya Sahara, na Kongo pia.

Mtamtambua hivi. Kichwani ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, miguu juu. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za sanduku. Ukiona alama hizo mbili, ni yeye.

Mama yake ni kipepeo cha usiku. Anataga mayai mengi pamoja juu ya jani, na kuyafunika kwa manyoya kama ukungu. Mama mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1000 katika maisha yake. Wakati wa joto, mayai yanapasuka kwa siku mbili au tatu. Kiwavi anakula kwa majuma mawili au matatu, na katika siku hizo anabadili ngozi mpaka apite vyeo sita. Halafu anashuka chini, anajifukia katika udongo, analala, na anatoka akiwa kipepeo. Tangu yai mpaka kipepeo, wakati wa joto, ni karibu mwezi mmoja. Kumbukeni hesabu hiyo ya mwezi mmoja, kwani tutaihitaji mbele.

2. Mmea haukimbii, lakini una silaha

Mbuzi akiona chui, anakimbia. Mmea hauwezi kukimbia. Kwa hiyo mimea mingi ina sumu ndani yake, ili mdudu akiuma aumie, au aache.

Ninyi mnajua jambo hili tangu zamani. Tumbako ina sumu inayoitwa nikotini. Ule mti mdogo ambao watu wa kale waliponda majani yake na kuyatupa mtoni ili samaki walewe, nao una sumu. Na muhogo mchungu, kila mama wa kijiji anajua ya kuwa haufai kuliwa hivihivi.

Tutazame muhogo kidogo, kwa sababu utatusaidia kufahamu mahindi. Jani la sombe likiwa zima, sumu yake imelala. Imefungwa pamoja na sukari, na imewekwa katika chumba kimoja. Ufunguo wa kuifungua umewekwa katika chumba kingine. Mama anapotwanga sombe katika kinu, kuta za vyumba zinavunjika. Ufunguo unakutana na kufuli, sukari inatoka upande mmoja, na sumu inafunguliwa. Kisha anaipika vizuri chungu kikiwa wazi, na sumu inaondoka kama hewa. Hivyo mama anaishinda sumu ya muhogo kwa kinu, maji na moto, na kwa kulowesha mizizi siku kadhaa.

Je, mahindi nayo yana sumu? Ndiyo. Si sumu ya kutuumiza sisi tunaokula punje, bali iko katika majani, na zaidi katika mmea mchanga. Watu wa elimu wanaiita dimboa. Nayo imewekwa kama ile ya muhogo: imefungwa na sukari katika chumba kimoja, na ufunguo uko katika chumba kingine. Mdudu anapotafuna jani, meno yake yanafanya kazi ya kinu. Kuta zinavunjika, sukari inatoka, dimboa inafunguliwa tumboni mwa mdudu.

Wadudu wengi wakila jani namna hii wanadhoofika, hawakui, au wanakufa. Lakini kiwavi jeshi anakula na kunenepa. Kwa sababu gani?

3. Wafanyakazi wa tumboni

Katika tumbo la kiwavi, na katika mafuta ya mwili wake, mna vitu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinaitwa enzimu. Kila enzimu ina kazi yake moja, kama wafanyakazi wa machimbo wenye kazi mbalimbali. Enzimu nyingine zinavunja chakula ili kiwe nguvu. Nyingine kazi yake ni sumu tu.

Fikirini namna mawe yanavyotolewa katika shimo la shaba. Kikosi cha kwanza kinavunja jiwe. Kikosi cha pili kinalipakia. Kikosi cha tatu kinalisukuma mpaka nje. Katika mwili wa kiwavi ni vivyo hivyo:

Kikosi cha kwanza kinaipiga sumu na kuivunja au kuigeuza, ipoteze makali yake.

Kikosi cha pili kinaifunga sumu pamoja na kitu kingine, kwa mfano sukari, ili iwe mzigo usioweza kudhuru na unaoyeyuka katika maji.

Kikosi cha tatu kinausukuma mzigo utoke katika mwili, na kiwavi anautupa pamoja na mavi yake.

Sisi watu pia tuna wafanyakazi wa namna hii, zaidi katika ini. Hao ndio wanaotusaidia mtu akinywa pombe kidogo. Lakini kiwavi jeshi amezaliwa na vikosi vikubwa kuliko wadudu wengi. Mdudu anayekula mmea wa namna moja tu hupambana na sumu chache. Kiwavi jeshi anakula mimea ya namna nyingi sana: mahindi, mtama, mpunga, miwa, karanga, na majani ya porini. Kila mmea una sumu yake. Kwa hiyo ana wafanyakazi wa namna nyingi, tayari kwa sumu nyingi.

4. Kufuli iliyopinduliwa

Sasa mtashangaa akili ya mwili wa mdudu huyu. Mwaka 2014, watu wa elimu wa mji wa Jena, katika inchi ya Ujerumani, walionyesha namna kiwavi jeshi anavyoishinda dimboa.

Mahindi yanafungua dimboa kwa kuiondolea sukari. Basi, kiwavi anafanya nini? Anairudishia sukari. Kikosi chake cha pili kinachukua dimboa na kuifunga tena. Mtauliza: «Lakini ufunguo wa mahindi ungali tumboni mwake pamoja na jani lililotafunwa. Utafungua tena.» Hapana. Kiwavi haifungi sukari kama vile mahindi yalivyoifunga. Anaipindua, kama mtu anayegeuza kufuli uso ndani. Ufunguo wa mahindi unajaribu, hauingii. Dimboa inabaki imefungwa mpaka inatoka na mavi, na kiwavi anaendelea kula.

Hivyo silaha ya mahindi, inayowadhuru wadudu wengine, haimzuii huyu.

5. Sumu kidogo inawaita wafanyakazi

Neno hili ni kubwa kuliko yote katika somo letu. Someni polepole.

Kiwavi hawaweki wafanyakazi wake wote kazini kila siku. Kuwalisha ni gharama, kama vile kompani haiajiri watu wengi ikiwa hakuna mawe ya kuvunja. Lakini sumu ikiingia kidogo, mwili unasikia, na unaita wafanyakazi wengine. Vikosi vinaongezeka. Sumu ya pili ikija, inawakuta tayari.

Mwaka 1977, watu wa elimu wa Marekani waliandika habari za ndugu wa kiwavi huyu, anayeitwa Spodoptera eridania. Walimpa katika chakula vitu vya namna mbalimbali vinavyotoka katika mimea, kwa kipimo kidogo. Waliona wafanyakazi wa kikosi cha kwanza wanaongezeka upesi, na baada ya hayo kiwavi hakuumizwa sana na sumu katika chakula chake. Katika miaka ya 1980, huko Florida, kazi ya namna hii ilifanywa juu ya kiwavi jeshi mwenyewe. Ikaonekana ya kuwa mmea anaoula unabadili nguvu za vikosi vyake, na vikosi hivyohivyo vinavunja dawa za kuua wadudu vilevile.

Mmefahamu? Wafanyakazi walioitwa na sumu ya jani wanaweza kuvunja dawa ya chupa pia. Kiwavi hajui kama sumu imetoka katika jani au katika duka. Kwake yote ni mawe ya kuvunja.

Tena, kiwavi mdogo ana wafanyakazi wachache. Kiwavi mkubwa, aliyekula mahindi siku nyingi, ana vikosi vikubwa. Dawa inayomwua mtoto wa siku tatu inaweza kumwacha mzima yule wa majuma mawili. Naye huyo mkubwa amekaa ndani ya koo la mmea, amejifunika kwa mavi yake kama mtu aliyefunga mlango, na dawa haimfikii vizuri.

6. Namna dawa inavyozoelewa

Kuna mambo mawili. Tusiyachanganye.

Jambo la kwanza ni lile tulilosema: kiwavi mmoja, katika maisha yake, anaita wafanyakazi zaidi. Akifa, jambo hilo linaisha naye.

Jambo la pili linapita toka mama mpaka watoto. Tufanye mfano. Katika shamba mna viwavi 100. Kati yao 5 wamezaliwa na vikosi vyenye nguvu kuliko wenzao. Mkulima anapuliza dawa. Wale 95 wanakufa, wale 5 wanabaki. Hao 5 wanakuwa vipepeo, wanaoana wao kwa wao, na watoto wao wengi wanarithi vikosi vile vyenye nguvu. Mwezi wa pili mkulima anapuliza dawa ileile. Sasa wanaobaki si 5 tena. Mwezi wa tatu wanaobaki ni wengi zaidi. Dawa haikubadilika, kabila la viwavi ndilo lililobadilika.

Tena kuna njia nyingine ya kuikinza dawa, bila kuivunja. Kila dawa inashika mahali pake katika mwili wa mdudu, kama ufunguo katika tundu. Wadudu wengine wanazaliwa na tundu la umbo lingine, na ufunguo hauingii. Viwavi jeshi waliofika Afrika, wengi wao wameonekana tayari na alama za namna hiyo juu ya dawa za jamaa za zamani zinazoitwa organofosfati na karbamati. Walitoka nazo Amerika, ambako dawa hizo zilipulizwa miaka mingi.

Na mkulima anayepunguza dawa, anamwumiza nani? Mtu ana franki kidogo. Chupa inasema kijiko kimoja kwa ndoo. Yeye anatia nusu ya kijiko, ili chupa idumu. Anadhani amefanya akiba. Lakini kipimo dhaifu kinaacha wazima wengi kati ya viwavi wenye nguvu, nao ndio watakaozaa. Tena waliobaki wameonja sumu kidogo, wakaita vikosi. Mwezi ujao anatia kijiko kizima na hakifai. Kisha anatia viwili. Mwisho amenunua chupa tatu, na mahindi yameliwa. Nusu ya kijiko ilimpotezea zaidi ya chupa nzima.

7. Habari ya ufuta

Je, inawezekana kuwazuia wafanyakazi wa kiwavi wasifanye kazi? Inawezekana kidogo, na habari yake ni nzuri kujua.

Katika milima ya Kivu watu walilima ua linaloitwa pareto. Ua hilo lina sumu inayowaangusha inzi na mbu upesi sana. Lakini mara nyingi inzi aliyeanguka anaamka tena, kwa sababu kikosi chake cha kwanza kimeivunja sumu. Mwaka 1940 ilijulikana ya kuwa pareto ikichanganywa na mafuta ya ufuta, inaua zaidi. Mafuta peke yake hayaui. Ila katika ufuta mna kitu kinachokishika kikosi cha kwanza, kama mtu anayeshika mkono wa mwenye nyundo asipige. Sumu ya pareto inabaki nzima, na inzi haamki. Baadaye watu wa elimu walitengeneza kitu chenye nguvu zaidi, kinachofanya kazi ileile, na mpaka leo kinatiwa katika dawa nyingi za kuua wadudu wa nyumbani.

Msichanganye mafuta ya jikoni na dawa ya chupa kwa sababu ya habari hii. Mchanganyiko wa kubahatisha unaweza kuunguza majani. Tumeisema ili mfahamu ya kuwa vita vyetu si juu ya kiwavi tu. Ni juu ya wafanyakazi wa tumboni mwake.

8. Basi, tufanye nini?

Mkikumbuka ya kuwa sumu kidogo inamfundisha kiwavi, mashauri haya yote yatakuwa rahisi.

Shauri la kwanza: Pandeni mapema, na pandeni pamoja. Mvua ya kweli ikianza, kijiji kizima kipande katika siku zilezile. Shamba linalopandwa nyuma ya mengine linapokea vipepeo vya mashamba yote yaliyotangulia. Pandeni na maharagwe katikati ya mistari. Mara nyingi viwavi huwa wachache kuliko katika mahindi peke yake.

Shauri la pili: Tembeleeni shamba mara mbili kila juma, tangu mahindi yana majani machache. Tazameni chini na juu ya majani. Mkiona mayai yenye manyoya, yapondeni kwa vidole. Yai halina kikosi mbele ya kidole! Hakuna kiwavi atakayezoea kupondwa. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia kazi hii asubuhi kabla ya kwenda shule.

Shauri la tatu: Tieni mchanga mkavu au majivu kidogo katika koo la mmea ulioliwa. Wakulima wa Amerika wamefanya hivyo tangu zamani. Mchanga unamkwaruza kiwavi na kumsumbua. Hakuna enzimu inayoweza kuvunja mchanga.

Shauri la ine: Msiwaue rafiki zenu. Siafu na chungu, na nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai ya kiwavi, wanafanya kazi bila mshahara. Dawa ikipulizwa kila mahali bila sababu, wao ndio wanaokufa kwanza, na viwavi wenye nguvu wanabaki bila adui.

Shauri la tano: Hesabuni kabla ya kununua dawa. Simameni mahali patano katika shamba, na kila mahali mtazame mimea 20. Jumla ni mimea 100. Mahindi yakiwa machanga, na mimea yenye viwavi au majani mapya yaliyoliwa haifiki 20 katika 100, msipulize. Pondeni kwa mkono. Yakiwa makubwa yanayokaribia kutoa maua, ngojeni mpaka karibu 40 katika 100. Jani lenye matundu linatisha macho, lakini mahindi yenye nguvu na mbolea yanaweza kuota majani mengine na kutoa magunzi mazuri.

Shauri la sita: Mkiona ni lazima kupuliza, pulizeni viwavi wakiwa wadogo. Dalili ya wadogo ni majani yenye madirisha meupe, kama yaliyokwanguliwa, na matundu madogo. Mkiona matundu makubwa na mavi kama vumbi la mbao katika koo la mmea, mmechelewa: wakubwa wenye vikosi wamekwisha kujificha. Pulizeni jioni, wakati viwavi wanapotoka kula, na mdomo wa pompi uelekee ndani ya koo la mmea.

Shauri la saba: Tieni kipimo kizima kilichoandikwa katika chupa, si nusu, wala si mara mbili. Nusu inafundisha viwavi. Mara mbili inawadhuru ninyi na udongo, na haimfundishi kiwavi adabu.

Shauri la nane: Badilisheni jamaa ya dawa. Hapa inafaa ile hesabu ya mwezi mmoja. Ikiwa mwezi huu mmetumia dawa ya jamaa moja, mwezi ujao, kwa watoto wa viwavi hao, tumieni ya jamaa nyingine. Lakini angalieni! Jina la chupa si jamaa. Chupa mbili zenye majina mbalimbali na rangi mbalimbali zinaweza kuwa dawa ile moja. Tafuteni katika karatasi ya chupa jina la dawa yenyewe, au nambari ya jamaa. Lambda-cyhalothrin na cypermethrin ni ndugu, nambari 3A. Emamectin ni nambari 6. Spinetoram ni nambari 5. Chlorantraniliprole ni nambari 28. Mkitoka cypermethrin mkaenda lambda-cyhalothrin, hamkubadili kitu. Vikosi vya kiwavi vitaijua. Mkitoka 3A mkaenda 28, mmebadili.

Na kazi hii ni ya kijiji kizima. Kipepeo hajui mpaka wa shamba. Kwa usiku mmoja anaweza kuruka mbali sana, hata kilometa 100 akisaidiwa na upepo. Mmoja akibadilisha dawa na jirani zake wote wanapuliza ileile kwa nusu kijiko, viwavi wa jirani watakuja kwake wakiwa wamekwisha kufundishwa.

9. Angalieni uhai wenu

Sumu inayoua kiwavi inaweza kuumiza mtu, kwani ini letu nalo lina kikomo. Msinunue dawa isiyo na karatasi, au iliyotiwa katika chupa ya limonadi. Vaeni nguo ndefu, funikeni pua na mdomo, msipulize kinyume cha upepo, na msile wala kuvuta tumbako mikono ikiwa haijaoshwa kwa sabuni. Wekeni dawa mahali ambapo mtoto hafiki. Chupa tupu msichotee maji wala mafuta; itobolewe, isitumike tena. Msioshe pompi mtoni: dawa za jamaa ya 3A zinaua samaki hata zikiwa kidogo sana. Kisha ngojeni siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna.

Wala msichukue maji au vumbi la kiwanda cha shaba na kuvitia shambani kwa kufikiri vitaua wadudu. Madini yale hayaondoki katika udongo kama sumu ya sombe inavyoondoka katika chungu. Yanabaki miaka mingi.

10. Neno la mwisho, na maulizo

Kiwavi jeshi ameshindana na sumu za mimea tangu vizazi vingi sana. Kazi yake ni hiyo, na chupa ya dawa kwake ni sumu moja zaidi. Ukimpa kidogo kila siku, unamfundisha. Ukimvizia angali mdogo, kwa mkono, kwa mchanga, na kwa dawa iliyopimwa sawasawa pale inapohitajiwa tu, hapati nafasi ya kujifunza.

Mwenye kujua kusoma awasomee wenzake maulizo haya, na kila mmoja ajibu kwa maneno yake:

1. Sumu ya sombe na sumu ya jani la mahindi zinafanana namna gani?
2. Vikosi vitatu vya tumboni mwa kiwavi vinafanya kazi gani?
3. Kiwavi jeshi anaifanya nini dimboa, hata ufunguo wa mahindi usiweze kuifungua tena?
4. Kwa sababu gani kiwavi mkubwa hafi upesi kama mdogo?
5. Mtu aliyetia nusu ya kijiko alipata akiba au hasara? Elezeni.
6. Jirani ametumia cypermethrin mwezi uliopita. Sasa ana lambda-cyhalothrin mkononi, na anasema amebadilisha dawa. Mtamwambia nini?
7. Taja njia tatu za kuua viwavi ambazo hakuna enzimu inayoweza kuzishinda.